Flashi Moja Safi Katika Kila Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni dogo, la mafundi tu. Sisi tunaliona limeshaingia ndani ya amana na halali ya nyumba zetu. Nalo ni kuweka upya mfumo endeshi wa kompyuta, ile kazi ambayo vijana wetu huiita "kupiga Windows".

Tuanze na kisa.

Binti wa jamaa yetu mmoja hapa Buyenzi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, laptopu yake ilikataa kuwaka wiki tatu kabla ya siku ya kukabidhi kazi yake ya kumaliza chuo. Akaipeleka kwa fundi. Jioni alipoifuata, aliikuta inawaka vizuri kabisa, ina picha mpya kwenye kioo, na ndani yake hamna kitu. Kurasa zaidi ya 80 alizoandika kwa miezi zilikuwa zimefutika.

"Kaka, kazi zangu ziko wapi?"

"Dada, uliniambia unataka iwake. Si inawaka?"

Ndugu zetu, yule fundi si mwizi, wala hakukusudia ubaya. Binti hakumwambia kuna nini ndani, naye hakuuliza. Ndivyo kazi hii inavyofanywa mitaani kwetu kila siku: kompyuta ikisumbua inafutwa, inapigwa Windows, pesa inalipwa, basi.

Baadaye laptopu ile ililetwa kwetu tuitazame. Tukakuta mambo mawili. La kwanza, Windows iliyowekwa ilikuwa ya kuvunjwa kufuli, na ili hilo liwezekane antivirusi yake ilikuwa imezimwa. La pili ndilo lililotuuma zaidi. Tulipoifuta na kuiweka Windows safi kwa flashi yetu, kisha tukaiunganisha na mtandao, ilijithibitisha yenyewe bila ya sisi kuandika namba yoyote. Maana yake ni kwamba laptopu ile ilitoka kiwandani na leseni yake halali. Baba wa yule binti alikuwa ameshailipia Windows siku aliyonunua mashine, kisha akalipa tena ili awekewe ya haramu juu ya ile ya halali aliyokuwa nayo!

Kutokana na kisa hiki ndipo tunapotoa rai yetu: KILA NYUMBA YA MUISLAMU YENYE KOMPYUTA IWE NA FLASHI MOJA SAFI YA KUWASHIA, iliyotengenezwa na mwenye nyumba au mtoto wake kwa mkono wake, na awepo angalau mtu mmoja anayejua kuitumia. Mafundi huiita flashi ya kubuti. Ukiichomeka, kompyuta huwaka kwa kutumia flashi hiyo badala ya diski yake ya ndani, na kutoka hapo unaweza kuokoa mafaili yako au kuweka mfumo upya.

JE, HILI LINAHUSU DINI?

Wapo watakaosema tumekuza mambo. Tunawajibu kwa hoja tatu.

Kwanza ni amana. Allah (S.W.) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta ni amana: kazi za wanafunzi, hesabu za duka, picha za marehemu babu, na picha za mama zetu na dada zetu nyumbani bila ya hijabu. Tunapompa mtu tusiyemjua kompyuta nzima kwa siku mbili, bila ya kufunga kitu, tunamwachia siri za nyumba yetu. Baba ambaye hakubali mgeni aingie hadi chumbani, vipi aitoe nje laptopu yenye chumba hicho ndani yake?

Pili ni ahadi. Mwanzo wa Suratul Maida tumeamrishwa kutimiza mikataba. Kila anayeweka Windows huulizwa kama anakubali masharti, naye hubonyeza kuwa amekubali. Muislamu akisema "nimekubali" amefunga mkataba, hata kama aliyempa mkataba ni kampuni tajiri iliyoko Marekani.

Tatu ni haki ya mwenye kazi. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Tunajua wapo wanazuoni waliokuwa na mtazamo mwingine juu ya haki hizi. Lakini hata mwenye kuufuata mtazamo huo, bado ile hoja ya pili ya mkataba inamsubiri.

"SISI NI MASIKINI, HII NI DHARURA"

Huu ndio udhuru tunaousikia zaidi, na hatuudharau. Bei ya leseni moja ya Windows kwa familia nyingi za hapa kwetu ni kubwa kuliko uwezo wao. Mwanafunzi anatakiwa apeleke kazi iliyochapwa. Afanye nini?

Tunasema: dharura huwepo pale ambapo hakuna njia nyingine, na hapa njia zipo mbili, zote halali na zote bure.

Njia ya kwanza ni ile ya laptopu ya yule binti. Wengi wetu tunanunua laptopu zilizotumika, za kutoka Dubai au Ulaya. Zile zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 mara nyingi huwa na namba ya leseni iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo lile lile, Windows huisoma namba hiyo na kujithibitisha. Tatizo ni kwamba mafundi wengi huweka toleo la Pro juu ya mashine iliyonunuliwa na leseni ya Home, basi inakataa, nao huamua kuvunja kufuli. Laiti wangeweka Home, kusingekuwa na haja ya kuvunja kitu.

Njia ya pili ni mifumo huria ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila ya kulipa. Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kiafrika lenye maana ile ile ya utu. Wakubwa wetu watakumbuka kwamba kuanzia 2005 mpaka 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta duniani kote kwa aliyeziomba. Hata ndugu zetu Waislamu walitengeneza toleo lao juu ya Ubuntu, lililoitwa kwanza Ubuntu Muslim Edition na baadaye Sabily, likiwa na programu ya Zekr ya kusomea Qur'ani na Minbar ya nyakati za swala. Toleo hilo haliendelezwi tena, kwa hiyo msiliweke leo. Tumelitaja ili kijana ajue kwamba milango hii imekuwa wazi siku nyingi, na Waislamu walishaiingia.

Tuseme ukweli pia upande wa pili. Linux haifanyi kila kitu. Baadhi ya programu za hesabu za maofisini hazipo huko, michezo mingine haichezi, na waraka ulioandikwa kwa Word unaweza kusogea mistari ukifunguliwa kwa LibreOffice. Lakini kwa mwanafunzi wa kuandika, kusoma, kutafuta mtandaoni na kusikiliza darsa, inatosha na kubaki.

MADHARA YA DUNIANI

Mtu asiyeguswa na hoja ya dini, basi aangalie madhara ya hapa hapa. Kanuni ya kwanza ya programu ya kuvunja kufuli ni kwamba uzime antivirusi. Hebu fikirini: mgeni anayekuambia umfunge mbwa wako kwanza ndipo aingie, kweli utampa ufunguo? Kuanzia 2018, virusi vya jamii ya STOP, maarufu pia kwa jina la Djvu, vimesambaa sana duniani kwa kujificha ndani ya programu hizi. Vikiingia hufunga mafaili yote kwa maandishi ya siri, kisha vinadai fedha ili vifungue. Wengi waliopatwa ni watu wa majumbani na wanafunzi, si mabenki.

Kisha kuna jambo la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, memori ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na haipokei prosesa za zamani. Laptopu nyingi za nyumbani kwetu hazimo. Watu wanaambiwa wazitupe au wadanganywe kwa kraki. Sisi tunasema laptopu yenye memori ya GB 4 bado ina umri mbele yake chini ya Linux Mint. Kuitupa ni israfu.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Hatutaki kuwaacha na nasaha tupu. Hatua zenyewe ni hizi.

1. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu ITAFUTWA YOTE. Tumia kompyuta nzima, ya ndugu au ya maktaba ya msikiti. Usitengenezee flashi kwenye mashine yenye virusi.

2. Shusha mfumo kutoka kwenye tovuti ya wenyewe tu. Kwa Windows, Microsoft hutoa bure programu inayoitwa Media Creation Tool, nayo hushusha na kuandika kwenye flashi kwa pamoja. Kupakua huku ni halali. Leseni ndiyo inayohesabiwa kwa kila mashine. Kwa Linux utashusha faili moja kubwa la aina ya ISO. La Linux Mint ni karibu GB 3.

3. Faili la ISO halikopiwi tu kwenye flashi kama wimbo au picha. Wengi hukosea hapa, kisha wanasema flashi ni mbovu. Linatakiwa liandikwe na programu maalumu. Kwenye Windows tumia Rufus, ambayo ni ndogo na ya bure. BalenaEtcher inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

4. Chomeka flashi kwenye kompyuta iliyozimwa, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye HP nyingi ni Esc kisha F9. Chagua flashi yako.

5. Kabla ya kuweka chochote, OKOA MAFAILI. Hapa ndipo flashi ya Linux inapokuwa na faida hata kwa mtu asiyetaka Linux. Inakuruhusu kuwasha mashine na kuijaribu bila ya kugusa diski. Ukiwa humo, fungua diski ya ndani, kopi kazi zako kwenye flashi ya pili au diski ya nje, kisha uzifungue uhakikishe zinasomeka. Kazi ya yule binti ingeokolewa kwa njia hii kwa nusu saa.

6. Sasa weka mfumo. Ukiulizwa namba ya leseni ya Windows, chagua kwamba huna, kisha chagua toleo lile lile lililokuwemo. Ukiulizwa lugha ya kibodi, angalia herufi zako. Laptopu nyingi za huku kwetu zina kibodi za Kifaransa, ambazo A iko mahali pa Q. Ukiacha ya Kiingereza, neno lako la siri utaliandika vingine na kesho litakukataa.

TAHADHARI:

Chaji betri ijae kabla ya kuanza, maana umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kazi, mfumo hubaki nusu.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, utatakiwa ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute kabla mashine haijaharibika.

Kama diski inagonga au inatoa sauti ya kukwaruza, usiweke mfumo wowote. Izime. Hiyo ni diski inayokufa, na kila dakika inayozunguka inazidi kupoteza.

Na mwanzo wa yote, mwanafunzi asiwe na kazi yake mahali pamoja tu. Nakala moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja kwa ndugu au kwenye barua pepe. Kumtegemea Allah hakuondoi wajibu wa kumfunga ngamia.

NENO KWA KILA MMOJA

Kwa mafundi wetu: hatutaki kuwakatia riziki. Wapo wengi kati yenu ni Waislamu wanaoamka alfajiri kutafuta halali, na nyumba nyingi zitaendelea kuwahitaji. Tunawaomba mambo matatu tu. Muulizeni mteja kuna nini ndani kabla ya kufuta. Mwambieni wazi kama mnachoweka ni halali au si halali. Na mtozeni kwa ajili ya kuokoa mafaili, kwa sababu hiyo ni kazi yenye thamani kuliko kupiga Windows, na mteja atalipa kwa moyo safi.

Kwa wazazi: msiogope. Mama anayeweza kufuata kipimo cha unga na hamira anaweza kufuata hatua hizi sita. Wapeni watoto wenu wa sekondari kazi hii wakati wa likizo, wavulana na wasichana sawa. Mtoto aliyewahi kuiokoa kompyuta ya nyumbani kwa mkono wake ataitunza, na atajua kwamba kitu cha halali kinawezekana.

Kwa wasimamizi wa misikiti na madrasa, iwe hapa Buyenzi au kule Nyamirambo, Kigali: bando ni ghali, na si kila familia inaweza kushusha GB 3. Lakini Linux inaruhusiwa kunakiliwa. Msikiti mmoja ukishusha mara moja, unaweza kuandika flashi za mtaa mzima bila ya kumdhulumu yeyote. Wekeni siku moja kwa mwezi, baada ya swala ya Adhuhuri, vijana wanaojua wakae na wasiojua. Tumefundishwa kwamba elimu yenye manufaa ni katika amali zinazomfuata mtu hata baada ya kufa kwake. Hatuoni kwa nini elimu hii isihesabiwe humo, ikiwa nia ni safi.

Yule binti aliiandika kazi yake upya kutoka kwenye rasimu za karatasi, akaikabidhi kwa kuchelewa, na alhamdulillah ilipokelewa. Leo flashi yake anaivaa pamoja na funguo za nyumba, na wenzake chuoni humwita yeye kabla ya kwenda kwa fundi. Sharti lake kwao ni moja: kraki haweki. Tungependa kila mtaa uwe na binti kama huyo, au kijana kama huyo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, azilinde siri za nyumba zetu, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.